Mguu wangu ulikuwa haujui breki

Wiki hii mmeuliza: «Mpenda magari mwenye permi (leseni ya udereva) tayari, mafunzo ya juu ya udereva yatamfaa nini?» Mimi ni mtu wa Lubumbashi, Kongo, na jibu langu linaanzia barabara ya Likasi.

Nilikuwa na Toyota ya usukani wa kulia, kama nyingi za huku, ingawa sisi hupita upande wa kulia wa barabara. Motere yake nilikuwa naifungua na kuifunga mwenyewe. Siku moja ya Novemba, mvua za kwanza, lami imeteleza, lori la mbele likasimama ghafla. Nilikanyaga breki. Pedali ikatetemeka, nikadhani kitu kimekatika, nikaachia! Mungu alitusaidia tukaishia kwenye majani, mke wangu akiwa kando yangu. Kumbe ule mtetemo ndio ABS, mfumo wa breki, ikifanya kazi: inabana na kuachia upesi upesi ili magurudumu yasigande, usukani uendelee kutii. Unatakiwa kukanyaga kwa nguvu zote, usiachie, huku ukigeuza kuelekea penye nafasi. Hayo nilikuwa nimeyasoma zamani.

Baadaye shofere mmoja mzee, aliyewahi kufundisha madereva wa mgodini, alinipeleka kwenye kiwanja kitupu. Tukamwaga maji, tukapanga bidoni. Mara kadhaa za kwanza niliachia tena, nikaona aibu. Kufikia saa sita mguu ulikuwa umezoea. «Mwanangu, usitazame bidoni, tazama njia,» aliniambia tena na tena. Kweli, kila niliyoitazama niliigonga. Kisha akaniongezea mwendo, kutoka kilomita 30 hadi 60 kwa saa. Umbali wa kusimama, tangu unapokanyaga breki, hauongezeki mara mbili, unakuwa kama mara nne. Nilipima kwa hatua zangu mwenyewe, nikanyamaza.

Wenzangu tunaokutana garajini Jumamosi tunajua rimu, tabo na rangi. Nani kati yetu amewahi kukanyaga breki mpaka mwisho, mahali pasipo na mtu wa kuumia?

Alinifundisha pia kulipita lori. Zamani nililisogelea mpaka karibu, nikatoa pua, na mke wangu aliyeketi kushoto, anakoona mbele kabla yangu, ndiye aliyeniambia «pita». Nilikuwa nimembebesha roho zetu zote mbili. Sasa nabaki mbali nyuma. Barabara ikipinda kulia, naona mbele kupitia ubavu wa kulia wa lori, na nikiona shaka sitoki. Simuulizi tena kama njia ni nyeupe. Mwezi uliopita, tukirudi kutoka Likasi, alilala njia nzima.