Kabla hujanunua kioo kipya, tazama sumaku za ushungi

Wiki iliyopita mpwa wangu alinijia dukani hapa Chake Chake, Pemba, na laptopu kifuani. Chuoni inafanya kazi vizuri. Akifika nyumbani kioo kinazima, kinawaka, kinazima tena. Fundi mmoja keshamwambia kioo kimekufa, anunue kipya. "Mjomba, pesa hiyo naitoa wapi?"

Mbele yangu ikawaka saa nzima bila taabu. Nikamuuliza, nyumbani unaanzaje? "Navua ushungi, zile sumaku zake za kubania naziweka hapa zisipotee, ndiyo naandika." Hapo ni pembeni mwa kibodi, kushoto. Nikamwomba moja ya akiba, nikaipitisha taratibu ukingoni. Ilipofika usawa wa herufi A, giza. Nikaivuta vidole viwili, kioo kikarudi.

Laptopu nyingi zina sumaku ndogo ndani ya fremu ya kioo, na upande wa kibodi zina sensa, yaani kifaa cha kuhisi sumaku, ndogo kuliko punje ya mchele. Ukifunika, sumaku huisogelea sensa, mashine hulala. Sensa haijui sumaku ni ya nani. Mwaka 1879 Mmarekani Edwin Hall alipitisha umeme kwenye dhahabu nyembamba mno, akaisogezea sumaku, akakuta volti ndogo imezuka ubavuni: sumaku inausukuma umeme upande mmoja. Sensa za leo ni kanuni hiyohiyo ndani ya silikoni, na saketi ya kuikuza volti ile.

Kwa hiyo usilegeze skrubu hata moja kabla hujaondoa bangili za sumaku, kamba ya saa, spika na laptopu nyingine iliyowekwa chini yake. Kioo kikiendelea kucheza baada ya hapo, ndipo ukague waya wake.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni dira ya simu, maana watu wanaswalia. Nayo ni sensa ya sumaku, lakini inapima sumaku ya dunia, ambayo ni dhaifu sana mbele ya kifungo cha sumaku cha kasha la simu. Kwetu Makka iko karibu kaskazini kabisa, ndiyo maana wazee huita kaskazini kibla. Simu ikikuelekeza baharini upande wa Tanga, imepotezwa. Vua kasha, ondoka karibu na kitanda cha chuma, izungushe simu hewani kama unaandika nane, kisha ilinganishe na mihrabu ya msikiti wa jirani.