Huru na Bure: Mnauliza, Najibu

Nimetengeneza programu ya stoo kwa maduka ya vipuri. Ndani yake kuna msimbo (maandishi yenyewe ya programu) wa GPL, ile leseni ya programu huria. Naruhusiwa kuuza? (Kijana, Sinza)

Unaruhusiwa. Swali hili limenichosha, halipiti mwezi bila kurudi. Richard Stallman mwenyewe, mwanzilishi wa harakati za programu huria, mwaka 1985 alikuwa akiuza tepu ya Emacs, programu yake ya kuhariri maandishi, kwa dola 150. Waingereza neno lao la "huru" na "bure" ni moja, "free", wakichanganya tunawasamehe. Sisi tunayo mawili, kisingizio chetu nini? Sharti ni kwamba unayemuuzia apate na msimbo, tena awe huru kuubadili na kuusambaza kwa leseni hiyohiyo.

Sasa nikimpa mteja msimbo, si mpwa wake ataunakili auze Kariakoo nzima? (Fundi, Tabata)

Anaweza, na leseni inamruhusu. Lakini mwenye duka analipia nini hasa? Juzi nilikaa kwenye duka moja Mtaa wa Msimbazi. Karani mgeni anauza beringi kwa boksi, programu inahesabu mojamoja, hakuna aliyemfundisha kubadili kipimo. Jioni stoo inasoma beringi hasi kumi na moja, na bosi ameshaanza kumtazama karani kwa jicho la wizi. Saa hiyo bosi hatafuti msimbo. Anatafuta mtu atakayefika kabla duka halijafungwa. Mpwa atanakili mafaili yote, na simu hatapokea.

Kwa hiyo tenganisha bei: kufunga programu, kufundisha, matengenezo ya mwaka. Andika mkataba, hata kama mteja ni mjomba wako. Hasa kama ni mjomba wako. Kampuni ya Red Hat waliishi kwa kuuza huduma juu ya programu huria mpaka IBM ikawanunua mwaka 2019 kwa dola bilioni 34. Wewe hutafika huko, ila kodi ya chumba italipika.

Na nyie mnaoficha nywila ya seva ili mteja asihame, mnasema mnalinda biashara. Mnamteka mtu na daftari lake la madeni. Ndiyo maana wenye maduka wakimwona kijana na laptop wanajifanya wako kwenye simu.

Nimepata programu-jalizi (plugin) ya kulipia ya WordPress, mfumo wa kujengea tovuti, mtu anaigawa bure. Niiweke kwenye tovuti ya mteja? (Mbagala)

Leseni yenyewe huenda ni GPL, haina tatizo. Aliyeifungasha upya ameacha mlango gani wazi humo ndani, unajua?

Tunataka kubana leseni ya programu yetu huria ili makampuni ya seva za kukodi yasitunyonye. (Timu ya watatu, Mikocheni)

Elastic, kampuni ya programu ya kutafuta data, walifanya hivyo mwaka 2021. Amazon, wakodishaji wa seva, wakachukua toleo la zamani lenye leseni huria, wakaanzisha programu yao, OpenSearch. Mwaka 2024 Elastic wakarudi na kuongeza AGPL, leseni inayomdai hata anayetoa huduma kupitia mtandao afungue msimbo alioubadilisha. Nyie anzeni nayo tu. Halafu mliwaomba ruhusa waliowachangia msimbo? Hakimiliki ya walichoandika ni yao. Ila nyie watatu, mna wateja wangapi hata muogope kunyonywa?

Niweke namba ya michango kwenye ukurasa wa programu? (Temeke)

Weka. Isiwe laini ya shemeji.