Mkuu, usiuze kiwanja kabla picha za mzee hazijasomwa

Simamisha hiyo biashara ya kiwanja leo hii. Umeandika mzee ana saratani ya tezi dume, dalali kakuonyesha video ya roboti inayochoma uvimbe kwa mawimbi ya sauti bila kisu, mnataka kwenda India mwezi ujao. Halafu katikati ya maswali ya viza na mahali pa kufikia ukapitisha kwamba mzee analalamika mgongo usiku. Mkuu, hapo ndipo nilipoweka simu chini.

Baba yangu naye alilalamika mgongo. Tukasema uzee, tukamchua. Tukauza kiwanja cha Chanika, tukapanda ndege.

Kule daktari hakutupeleka hata kwenye chumba cha hiyo mashine. Alitaka kwanza picha ya mifupa. Jioni akatugeuzia skrini: vidoa vyeusi uti wa mgongo, nyonga, mbavu mbili. Akachukua kalamu, akaweka nukta kwenye karatasi. Mawimbi yanakutana mahali padogo kama punje ya mchele, hapo joto linapita nyuzi 60 na nyama inakufa kwa sekunde chache. Roboti inasogeza hiyo nukta kwa kufuata picha mpaka eneo alilolichora daktari liishe. Sasa saratani iliyokwisha kutawanyika mifupani utaichorea wapi? Ipo mashine ya namna hiyo ya saratani iliyofika kwenye mfupa, Marekani waliiruhusu 2012, lakini ni ya kutuliza maumivu.

Mzee alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, bahasha ya kaki mapajani. Akaniuliza, "Kwa hiyo hawanichomi?" Nilikosa la kumjibu.

Aliandikiwa sindano za kushusha homoni za kiume. Anachomwa hapa hapa Dar, tunakwenda kwa daladala.

Yule dalali bado namwekea kinyongo. Alishika majibu ya PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, mkononi, hakuuliza picha ya mifupa hata mara moja. Aliuliza kiwanja kina hati. Akasema Marekani wamethibitisha inaponya saratani. Ruhusa waliyoitoa 2015 ilikuwa ya kuunguza tishu za tezi dume, haikutaja kuponya saratani. Kwa mdomo ule angewauzia feni wavuvi wa Feri, tena wakiwa baharini.

Picha kabla ya nauli, mkuu. MRI ya nyonga, picha ya mifupa, majibu ya kinyama kilichokatwa kwenye tezi kupimwa, vyote vitumwe kwa daktari anayeiendesha hiyo mashine kwa mkono wake, naye ajibu kwa maandishi kwamba mzee anafaa. Jibu la dalali au la dada wa mapokezi usilipokee. Akikwepa kuandika, pesa ibaki benki.

Viza watakujibu wengine. Mimi niambie mgongo unamuuma sehemu gani, na miguu ina nguvu? Ikianza kulegea, au akishindwa kukojoa, usingoje kupambazuke. Mpeleke hospitali usiku huo huo.