Gitaa nililolitengeneza Tanga likapasuka Dodoma

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: mtu anayeanza kujifunza gitaa kavu, lile lisilotumia umeme, anunue la dukani, au amwagize fundi wa mtaani anayetengeneza magitaa kwa kujifurahisha? Nilitaka kulipita swali hilo, kwa sababu mimi ni mmoja wa mafundi hao na jibu langu linaweza kuonekana la mtu anayetetea kibanda chake. Lakini neno "kujifurahisha" limenikwama kooni. Nafundisha hisabati katika shule ya sekondari hapa Tanga, na kwa miaka kumi na miwili jioni zangu na Jumamosi zangu zimekwenda kwenye magitaa saba, ambayo hakuna hata moja nililoliuza kwa bei iliyorudisha gharama ya mbao, nyuzi na misasa. Anayejifurahisha akikosea, hasara ni yake peke yake. Mimi nilipokosea, aliyeumia alikuwa mdogo wangu.

Kwa hiyo sitaanza na lipi ni bora. Nitaanza na lile ninaloliona limejificha nyuma ya swali lenu: fundi asiye na kiwanda, asiye na duka wala hati ya dhamana, anadaiwa nini na mtu anayempa gitaa lake?

Kazi hii nilirithishwa na baba mdogo, seremala aliyestaafu na kurudi nyumbani Ngamiani na sanduku la randa na patasi, pamoja na galatoni moja la zamani, kutoka kizazi cha yale magitaa ya Afrika Kusini ambayo jina lake wanamuziki wengi wa umri wake walilifanya kuwa jina la kila gitaa kavu. Jioni alilipiga kwa dole gumba na kidole cha shahada tu, kwa mtindo wa Mwenda Jean Bosco, yule mpigaji wa Katanga, Kongo, aliyeimba kwa Kiswahili na ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi Jadotville (leo Likasi) mwaka 1952. Siku daraja la galatoni hilo, yaani kipande cha mbao kinachoshikilia nyuzi usoni, lilipong'oka tulilifungua ili kulitengeneza, na nilipoona jinsi ndani kulivyo kutupu isipokuwa mihimili michache myembamba, huku nyuzi sita za chuma zikivuta kwa nguvu inayokaribia kilo 70, sikuweza tena kuliondoa jambo hilo akilini.

Gitaa la nne nililitengeneza kwa ajili ya mdogo wangu wa mwisho, aliyekuwa mwaka wa kwanza chuoni Dodoma. Ubao wa juu ulikuwa wa saiprasi kutoka Shume, Lushoto, nilioupunguza kwa randa na msasa hadi milimita tatu kasoro kidogo. Mbavu na mgongo vilikuwa vya mninga; mbavu nilizilowanisha na kuzikunja juu ya bomba la chuma lililotiwa makaa ya moto, na mbili zilivunjika kabla sijapata mbili nzima. Ubao wa vidole na daraja vilitoka kwenye mabaki ya mpingo niliyopewa na wachongaji wa Mwenge nilipokwenda Dar es Salaam. Yote hayo niliyafanya mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamekolea, na ndani ya kibanda changu msasa ulikuwa unalegea mkononi kwa unyevu. Siku hizo sikuwa na kipimo cha unyevu. Leo ninacho, na najua kwamba mwezi kama huo kibanda kile husoma asilimia 80 na zaidi hata adhuhuri, wakati watengeneza magitaa makini kwingineko hawagundishi mhimili hata mmoja kabla hewa ya karakana haijashuka kati ya asilimia 40 na 50. Baba mdogo aliniambia, "Mbao hata ikikauka bado inakunywa." Nilimwitikia kwa heshima, kisha nikaendelea na kazi, kwa sababu mdogo wangu alikuwa anakuja mwisho wa Mei.

Alikuja, akakaa siku nne, akalichukua. Lilikuwa gitaa zuri. Siku aliyoondoka alilipakata kwenye basi kama mtoto mchanga. Akanipigia simu alipofika Segera, akanipigia tena Chalinze, na usiku akiwa chumbani kwake Dodoma akanipigia mara ya tatu ili nisikie lilivyofika salama.

Katikati ya Julai simu ikawa nyingine. "Kaka, gitaa limepasuka." Nikamuuliza kama amelidondosha. "Hapana, kaka. Nilikuwa nimelala. Nilisikia mlio kama kijiti kikavu kimevunjwa, nikawasha taa, nikaliona." Sikumwamini. Gitaa liko ukutani, mwenyewe amelala, nani alipasue? Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Kisha nikafanya vibaya zaidi, nikamweleza mama, na mama naye akampigia. Hakujitetea. Kwa wiki saba au nane tulisalimiana kama watu wanaosalimiana sokoni.

Likizo fupi ya Septemba nilipanda basi nikamfuata. Nilibeba gundi, tupa, na kipande cha ubao ule ule wa saiprasi, kilichokatwa mwishoni mwake, chenye upana kamili wa ubao wa juu, nikitarajia kukitumia kama kiraka. Juu ya kipande hicho, kwa mazoea ya kazi yangu, nilikuwa nimeandika kipimo kwa kalamu ya risasi mwezi wa Aprili: 362, yaani milimita 362 kutoka ukingo hadi ukingo.

Nilipoliona gitaa nilikaa kitandani. Mpasuko ulikuwa umenyooka kama mstari wa rula, sambamba na mishipa ya mbao, ukianzia ubavuni mwa ubao wa vidole na kushuka kuelekea kwenye daraja. Hapakuwa na alama ya kugongwa popote. Nilipolishika shingo, kitu kilinichoma kiganjani: ncha za freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza ubao wa vidole, zilikuwa zimechomoza pande zote mbili, kwa sababu hata mpingo, ambao hauchezi sana, ulikuwa umepungua na kukiacha kile chuma nje. Uso wa gitaa, nilioutengeneza ukiwa na mbinuko mdogo kwenda juu, ulikuwa umebonyea, na nyuzi zimelala juu ya freti zikikoroma. Gitaa linalodondoshwa halifanyi hivyo.

Bado nafsi ilikuwa inatafuta njia ya kutoka. Nilikiweka kile kipande dirishani, hewa ikikipitia, nikasaidiana na mdogo wangu kusugua zile ncha za freti kwa tupa. Siku ya nne nilikipima kwa rula ya chuma. Hakikufika 359.

Milimita tatu na ushei. Mbao hutanuka na kusinyaa kwa upana wake, ilhali kwa urefu haibadiliki kiasi cha kuonekana. Mihimili niliyoigundisha ilikuwa imelala kufuata upana wa ubao, na kwa urefu wake haikupungua chochote. Ubao ulitaka kurudi ndani milimita tatu, mihimili ikaushikilia pale ulipokuwa masika ya Tanga, na upepo mkavu wa Julai wa Dodoma ukaendelea kuunyonya hadi usiku ule ulipoachia penye udhaifu. Mpasuko huo niliutengeneza mimi kwa mikono yangu mwezi wa Aprili, nikaupa siku tisini hivi za kusubiri, kisha nikamlaumu aliyekuwa amelala.

Nilimwomba msamaha pale pale, nikampigia mama na kumweleza. Mdogo wangu alisema jambo ambalo hadi leo linanirudia: "Kaka, nami nilifikia kudhani labda nililiweka vibaya." Alikuwa amekwisha kujihukumu kwa kosa ambalo hakulitenda, kwa sababu mimi nilikuwa fundi na yeye mwanafunzi.

Tuliliponya kadiri nilivyojua. Tuliweka sifongo yenye maji ndani ya kisanduku cha sabuni kilichotobolewa, tukakiingiza kwenye tundu la sauti na kulifunika gitaa kwa nailoni. Baada ya siku mbili mpasuko ulikuwa umekaribia kufumba, nikautia gundi, na kwa ndani nikabandika vipande vinne vya saiprasi, kila kimoja kama ukucha wa dole gumba, mishipa yake ikikatiza ule mpasuko. Mstari unaonekana hadi leo, ila haujafunguka tena.

Niliporudi Tanga nilitengeneza kabati la plaiwudi lenye balbu ya wati 60, ya zile za zamani zinazotoa joto, na kipimo cha unyevu mlangoni. Ubao wa juu na mihimili hukaa humo kwa wiki kadhaa, na siku ya kugundisha nafanya kazi upesi na kuvirudisha kabatini kabla gundi haijakauka. Gitaa lililozaliwa katika ukavu likiishi kwenye unyevu huvimba: uso hupanda kidogo, nyuzi huwa juu, mpigaji hulalamika, unashusha kalio la nyuzi darajani, kile kipande chembamba zinapoegemea, yamekwisha. Lililozaliwa katika unyevu likipelekwa kwenye ukavu hupasuka. Kwa fundi wa pwani tofauti hiyo ndiyo inayotangulia mengine yote, naye huweza kutengeneza miaka mingi bila kuijua, kwa kuwa magitaa yake yote yanaishi mtaa mmoja na yeye.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema kwamba gitaa la fundi lina sauti ambayo plaiwudi ya kiwandani haitaifikia, na kwamba siri yake ni mbao zetu. Nimelifuta sentensi baada ya sentensi. Antonio de Torres, seremala wa Almería ambaye vipimo vyake vya gitaa la Kihispania vinafuatwa hadi leo, alitengeneza mwaka 1862 gitaa lenye mgongo na mbavu za karatasi zilizogandishwa, na ubao mzuri juu, ili kuonyesha kwamba sauti inatoka juu. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, waliwapa wapiga gitaa 52 magitaa sita yaliyofanana kwa kila kitu isipokuwa mbao za mgongo na mbavu, mwanga ukiwa hafifu na macho yamevalishwa miwani ya wachomeleaji, na wapigaji hao walishindwa kuonyesha kwa uthabiti lililo bora. Mimi nimewahi kumwambia mtu kwamba mninga wa mbavuni ndio unaoimba. Narudisha maneno hayo. Nafurahi pia kwamba sikuwahi kuupasua mpingo kwa ajili ya mbavu, mti unaochukua miaka 70 hadi 100 kufikia kuvunwa, na ambao tangu Januari 2017 biashara yake ya kimataifa inaendeshwa kwa vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Mabaki ya wachongaji yanatosha kabisa kwa ubao wa vidole.

Galatoni nalo limenijia upya. Gitaa ambalo John Lennon alilipiga akiwa kijana Liverpool mwaka 1957 lilikuwa la chapa hiyo hiyo, Gallotone Champion, na ndani yake palibandikwa karatasi ya kiwanda ikiahidi kwamba halitapasuka. Nilipolisikia hilo kwa mara ya kwanza nililichukulia kuwa maneno ya kuvutia wateja. Sasa naona kuwa waliahidi jambo ambalo mimi sikuweza kumwahidi ndugu yangu wa tumbo moja.

Kwa hiyo jibu langu, ambalo silo nililolikusudia, ni hili: anayeanza anunue la dukani, lenye uso wa plaiwudi. Tabaka za plaiwudi hukatizana, kila moja ikiizuia mwenzake kucheza, na ndiyo maana linavumilia bweni, basi na ukuta wa Dodoma. Sauti yake ni nzito na fupi, hilo halifichiki, lakini mwanafunzi anayejifunza kubadilisha kodi tatu, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, anahitaji gitaa linaloamka kesho likiwa zima. Baada ya kulinunua, amtafute fundi alishushie nyuzi zifike urefu unaostahili, maana mengi yanauzwa nyuzi zikiwa juu mno, na vidole vya mtoto vinakata tamaa kwa maumivu kabla ya muziki kuingia.

Nasema hivyo kwa anayeanza. Kwa anayeanza akiwa na fundi jirani, katika mji mmoja, mwenye hewa moja, nasita, kwa kuwa mtoto anayeshuhudia mbavu zikikunjwa hulitunza gitaa kwa namna ambayo la dukani halimfundishi. Kwa atakayesafiri nalo, fundi aulizwe swali moja tu: hili alilitengeneza mwezi gani, na hewa ilisoma asilimia ngapi? Akikosa jibu, aachwe kwa heshima. Mwaka ule mimi nisingekuwa nalo.

Mdogo wangu sasa anafanya kazi Singida na bado anapiga lile lenye mstari. Nilimnunulia kipimo kama changu, na kila Jumapili jioni hunitumia namba. Juzi ilikuwa 41. Gitaa la nane, alilonisihi nisimtengenezee na ambalo ninamtengenezea, limo kabatini chini ya balbu tangu mwezi uliopita. Jumamosi nitagundisha mihimili yake, kipimo cha mlangoni kikiwa bado chini ya 45.