Mwanangu, Hili Ndilo Jibu Langu Kuhusu Duka

Mwanangu mpendwa,

Jumapili iliyopita uliniuliza kwa simu swali ambalo nililikwepa, kwa sababu shangazi yako alikuwa ameketi karibu nami na sikutaka kulijibu nusu nusu. Ulisema mwalimu mwenzako huko Mombasa ameambiwa ana saratani ya titi, kwamba ana kibanda anachokiendesha jioni, na kwamba hajui akifunge au asikifunge. Kisha ukaniuliza kuhusu mimi mwenyewe, niliyeugua saratani hiyo hiyo: je, mwaka jana nilibaki na duka la maua kwa sababu ya pesa, au kwa sababu niliogopa kukaa nyumbani? Nimelifikiria swali hilo wiki nzima.

Nianze na pesa, maana hapo jibu ni fupi. Nilifanyiwa upasuaji Novemba 2024, mwezi mmoja tu baada ya SHA, bima mpya ya afya ya serikali, kuchukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF, wakati ambapo sisi wenye biashara ndogo tulikuwa tungali tukiulizana utaratibu mpya ukoje. Bima ililipa sehemu, chama kikachanga, wewe ukatuma ulichoweza, na akiba yangu ikaisha. Hadi Machi, ukisema nilifanya kazi kwa sababu ya pesa, utakuwa umesema kweli. Baada ya hapo duka lilikuwa likijilipia kodi na mshahara wa kijana wetu basi, na bado sikulifunga.

Ndiyo, niliogopa kukaa nyumbani. Sikuogopa upweke, kwa maana upweke haukuwepo. Majirani wa hapa Buruburu, Nairobi, walikuja kila siku, wakaleta uji na matunda, wakaomba pamoja nami, na Mungu awalipe. Lakini walizungumza kwa sauti ya chini, na nilipoinuka kwenda kuchukua kikombe, watu watatu waliinuka pamoja nami. Dukani, mteja aliyeingia kutoka Barabara ya Muindi Mbingu aliniuliza waridi ni bei gani, akaniambia nimemwuzia ghali, tukapatana, akaenda. Kwa muda huo mfupi nilikuwa mtu yule yule niliyekuwa kabla ya kuugua. Nilihitaji hilo kuliko nilivyohitaji kupumzika, na sioni haya kukuambia.

Hata hivyo, usidhani kwamba kubaki na duka kulikuwa ni kuendelea kama zamani. Kazi ya maua, kama unavyokumbuka ulipokuwa ukinisaidia wakati wa likizo, ni kazi ya maji na miiba, na hivyo viwili ndivyo nilivyokatazwa. Muuguzi alinieleza kwamba dawa ya kemo hupunguza chembe nyeupe za damu, ambazo hushuka chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi, na kwamba katika siku hizo maji ya ndoo yaliyolaza maua, ambayo sisi tunayaona kuwa ni uchafu wa kawaida tu, yamejaa bakteria wanaoweza kumlaza mtu kitandani. Udongo wa mimea ya vyungu nao una kuvu anayeweza kuingia mapafuni. Tena, kwa kuwa niliondolewa tezi za kwapa la kushoto, mkono huo haukupaswa kuchomwa hata na sindano, kwa sababu kidonda kidogo kinaweza kuleta maambukizi na kuufanya uvimbe, uvimbe ambao huenda usiishe tena. Wewe unajua kwamba mkono wa kushoto ndio ninaoshikia vikonyo vya waridi wakati wa kulia unakata.

Basi tulibadili kila kitu. Kijana wetu ndiye aliyepokea maua ya Naivasha alfajiri, akaondoa majani ya chini na miiba, akakata vikonyo mshazari, akamwaga maji kila asubuhi na kusugua ndoo kwa jiki. Tukaacha kuuza mimea ya vyungu. Tukapunguza waridi na kuongeza karnesheni, ambazo hazina miiba na hukaa wiki mbili au zaidi, hivyo hazikutuadhibu siku nilizoshindwa kuja. Lili niliziondoa kabisa, si kwa amri ya daktari, bali kwa sababu harufu yake, ambayo niliipenda kwa miaka mingi, ilinitapisha tangu dozi ya kwanza. Kwenye kalenda ya ukutani nilizungushia siku zangu za hatari kalamu nyekundu, na katika siku hizo sikukanyaga dukani.

Dozi ya pili niliipata Februari 4. Hesabu mwenyewe: Februari 14, siku ya wapendanao, siku ambayo duka la maua hupata kodi ya miezi kadhaa, iliangukia katikati kabisa ya wino mwekundu. Nilimwomba daktari aisogeze dozi hiyo wiki moja mbele, naye akakataa kwa upole. Siku hiyo niliketi kitandani Buruburu na daftari magotini, nikapokea simu na kuandika maagizo, nikathibitisha malipo ya M-Pesa na kumsomea shangazi yako majina ya kuandika kwenye kadi, naye akiwa dukani na kijana wetu. Saa tano asubuhi waridi jekundu likawaishia. Jirani yetu wa sokoni, ambaye kwa miaka yote tumegombania wateja, akawapa ndoo tatu mali kwa kauli, bila karatasi yoyote. Tulimlipa jioni. Sikuligusa ua hata moja siku hiyo, na ndiyo Februari 14 bora kuliko zote nilizowahi kuwa nazo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sijawahi kukuambia vizuri. Nilipolazwa Machi nilikuambia kwamba ni malaria kidogo. Haikuwa malaria. Baada ya dozi ya tatu tulikuwa na maua ya harusi ya Jumamosi, na Jumatano yake, siku ya 9, nilikwenda dukani kinyume cha kalenda yangu mwenyewe. Kijana alikuwa ametumwa, ndoo zilikuwa zinanuka, nikazimwaga kwa mikono yangu. Ijumaa nikaanza kutetemeka. Kipimajoto kilisoma 38.4. Nilikuwa nimeambiwa, tena kwa maandishi, kwamba joto likifika 38 niende hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane, na nisimeze kitu cha kulishusha. Mimi nilimeza panadol mbili, nikajifunika shali, nikaendelea kuwaelekeza watu kwa simu kuhusu utepe wa bibi harusi. Shangazi yako aliponikuta saa mbili usiku hakuniuliza ruhusa, aliita teksi. Nililazwa siku tano nikitiwa dawa kwa mishipa. Daktari alisema hawezi kujua kama ni yale maji ya ndoo au ni kitu kingine. Harusi ilifanyika, maua yalipendeza, na hakuna hata mmoja pale ambaye angejali kama utepe ungekuwa wa rangi nyingine. Nakuomba radhi kwa uongo wa malaria.

Kuanzia Aprili nilipewa dawa nyingine ya kemo, paclitaxel, kila wiki kwa wiki 12. Kichefuchefu kilipungua, lakini vidole vikaanza kufa ganzi. Siku moja ya Juni, nikiwa nimevaa glavu ya ngozi mkono wa kushoto na wa kulia ukiwa wazi kwa kuwa utepe haufungiki kwa glavu, nilikuwa nikimalizia shada la waridi jeupe. Mteja akaniambia, “Mama, unatoka damu.” Nikatazama. Utepe ulikuwa na doa la ukubwa wa punje ya harage, na mwiba ulikuwa bado umo ndani ya kidole gumba, nami sikuwa nimesikia chochote. Niliukata utepe, nikaosha kidole kwa sabuni na maji ya bomba, nikampa kijana shada alimalizie. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayefunga. Mionzi ya Agosti ilipita bila kisa zaidi ya uchovu. Ganzi imepungua, ila vidole viwili bado, na vifungo vya blauzi navifunga nikivitazama.

Kwa hiyo ni yote mawili, pesa na woga. Duka silijutii. Ninayoijutia ni ile Ijumaa.

Mwalimu mwenzako usimwambie afunge wala asifunge. Hilo ni lake na daktari wake. Mwulize kwanza ni nani atakayekishika kibanda katika zile siku za wino mwekundu, na kama hana mtu, amtafute kabla ya dozi ya kwanza. Tena mwambie anunue kipimajoto, akiweke mkobani, na mtu mwingine nyumbani mwake aijue ile namba ya 38.

Mama yako