Eti Lilith alifutwa kwenye Biblia?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kuna klipu inazunguka grupu letu la kwaya eti Adamu alikuwa na mke wa kwanza anaitwa Lilith, wakagombana akatoroka, halafu Wazungu wakamfuta kwenye Biblia ili wanawake tusijue. Nimesoma Mwanzo yote sijamwona. Alifutwa kweli au tunapigwa?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwenye Mwanzo hutamwona hata ukikesha, hakuwahi kuwepo huko. Jina lake liko Isaya 34:14, mara moja tu, pale nchi ya Edomu inapohukumiwa na kubaki magofu ya wanyama wa nyikani, na Kiebrania kinasema lilith naye atapata pa kupumzika humo, basi. Adamu hayupo wala ndoa haipo.

Sasa chukua Biblia ya Union, ile ya 1952 ambayo bibi zetu wameifunga kwenye kanga, hapo utakuta babewatoto. Vijana wengi neno hilo hawalijui, ni ndege jamii ya bundi, na ndo hapo watu wanapiga kelele kwamba kafichwa. Kafichwa wapi, mstari huo umemhangaisha kila mtafsiri! Wa Kigiriki waliweka kiumbe nusu mtu nusu punda, Jerome kwenye Kilatini akaandika lamia, yule jini jike wa hadithi za Wagiriki anayekula watoto, na Waingereza mwaka 1611 wakaweka bundi.

Mi naona wa kwetu walipatia kuliko Waingereza. Wayahudi wa Babeli walimwogopa Lilith hasa kwa ajili ya vichanga na mzazi aliyetoka kujifungua, na huko Nippur, Iraki ya leo, yamechimbwa mabakuli ya udongo yenye maneno ya Kiaramu yaliyoandikwa kwa kuzunguka ndani, yalikuwa yanafukiwa nyumbani kumzuia, tena mengine yanamwandikia talaka kabisa kama mke anayefukuzwa (klipu yenu ingesema hii ningewaelewa). Sasa babewatoto jina lenyewe limebeba watoto, na bundi akilia juu ya paa usiku huku kuna kichanga ndani, mama gani wa kwetu analala?

Hiyo stori ya mke wa kwanza inatoka Alfabeti ya Ben Sira, kitabu cha Kiyahudi cha kati ya karne ya 8 na ya 10, yaani zaidi ya miaka elfu baada ya nabii Isaya, na ni kitabu cha utani mwingi. Humo Lilith anagoma kulala chini, anamwambia Adamu sote tumetoka udongoni, anataja Jina la Mungu anaruka zake mpaka baharini, malaika watatu wanatumwa kumrudisha anakataa. Baadaye majina ya malaika hao yakawa yanaandikwa kwenye hirizi za watoto.

Na jina lake wengi husema ni usiku, kama laila ya Kiarabu, ila wataalamu wanalipeleka nyuma zaidi kwa lilitu ya Waakadi na lil ya Wasumeri, watu wa kale wa huko huko Iraki, maana yake upepo. Sisi wenye upepo na pepo kwenye lugha moja hatuhitaji kuelezwa sana.

SWALI: Mbona Azazeli wa Walawi 16 aliachwa na jina lake?
Msomaji, Tanga

JIBU: Kwenye Kiswahili ndiyo, Haruni anawapigia kura mbuzi wawili, kura moja ya Bwana nyingine ya Azazeli. Kiingereza ndo kilimpoteza, mtafsiri Tyndale mwaka 1530 alitunga neno jipya la mbuzi anayeachiwa aende, Azazeli akayeyuka. Ila kitabu cha Henoko, ambacho Wahabeshi wa Orthodoksi wanacho ndani ya Biblia yao, kinamtaja kama malaika aliyeasi akawafundisha watu kufua panga na kupaka wanja. Na hapo Tanga muulize jirani yako Muislamu, atakwambia Azazili ni jina la Iblisi kabla hajalaaniwa, kwa hiyo ukimsomea Walawi 16 atashtuka kuliko wewe.