Penzi bila ushahidi halisimami: kwa nyie mnaoanza kuandika tamthilia za polisi

Wadogo zangu, nasoma skripti za watu kama kazi, za polisi na majambazi zaidi, na siku hizi karibu nusu ya zinazonifikia zina kapo ya wanaume wawili au wanawake wawili mle ndani. Mimi sina neno na hilo. Neno langu ni kwamba nikifika katikati nakuta sisadiki kama hawa watu wanapendana, na ukiniuliza kwa nini siwezi hata kukuonyesha sentensi mbaya, manake wengi mnaandika vizuri kunizidi, ila penzi limekaa pale kama sofa mpya bado ina nailoni.

Nalijua kosa hilo kwa sababu nilianza nalo. Skripti yangu ya kwanza kabisa ilikuwa na wapelelezi wawili wa kike, wazuri, hodari, wanakubaliana kila kitu, afu ukurasa wa 48 mvua inanyesha mtuhumiwa katoroka dakika mbili zilizopita na hawa wawili wamesimama paking wanabusiana. Nilikuwa naipenda hiyo sini jamani, nilikuwa naisoma peke yangu usiku. Mhariri aliyenisomea akairudisha na maneno mawili pembeni kwa kalamu: "Mtuhumiwa je?"

Nilinuna wiki nzima. Baadae ndo nikaelewa alichokuwa ananiambia, kwamba mtazamaji wa tamthilia ya upelelezi si kama mtazamaji wa tamthilia ya mapenzi. Huyu wa mapenzi amekuja na moyo wazi, anataka wapendane, utamsaidia kidogo tu na mengine atajimalizia mwenyewe. Huyu wa upelelezi toka dakika ya kwanza umemwonyesha maiti ukamwambia angalia vizuri, nani viatu vyake vimelowa, nani kadanganya saa. Umemfundisha kushuku halafu unataka asishuku penzi lako? Atalikagua kama anavyokagua maelezo ya shahidi, na kama halina alama yoyote nyuma atalitupa.

Mfano ambao huwa natoa kwa kila mtu ni wa Law & Order, tamthilia ya Marekani ya polisi na mahakama, Januari 2005. Kuna mwendesha mashtaka pale anaitwa Serena Southerlyn, kaigiza Elisabeth Röhm, yuko kwenye kipindi tangu 2001. Bosi wake anamfukuza kazi, na yeye anauliza kama anafukuzwa kwa sababu yeye ni msagaji. Bosi anamjibu hapana. Basi, imeisha, hatumwoni tena. Miaka yote ile hakuna simu iliyopigwa kutoka nyumbani, hakuna jina, hakuna hata siku moja aliyowahi kutoka ofisini mapema. Inawezekana kabisa mtu akawa hivyo na wenzake wasijue, kwenye maisha ni jambo la kila siku, ila sisi hatukuwa wenzake tu, tulikuwa watazamaji, na ukituficha kitu inabidi tukirudi nyuma tukikute kilikuwepo.

Linganisha na Vito, mwanamafia kwenye The Sopranos, tamthilia ya mafia wa Marekani. Mwaka 2004 kijana Finn anafika mapema kwenye sehemu ya ujenzi, alfajiri hivi, anamkuta Vito ndani ya gari na mlinzi. Sini fupi, na wiki hiyo mambo mengine makubwa yanaendelea kwa hiyo unaweza ukaisahau. Linakuja kulipuka 2006. Miaka miwili! Vito anakimbilia New Hampshire anampata Jim, zima moto ambaye pia anapika kwenye mgahawa, na hapo waandishi wangeweza kutuharibia kwa kumfanya Vito malaika kwa kuwa kapata mapenzi. Hawakufanya hivyo. Wakampa kazi halali ya fundi na jamaa haiwezi, anajizuia asiangalie saa, akiangalia muda haujasogea. Kumbe kinachomshinda kule ni jasho. Ameshazoea hela ya kijambazi, na penzi lenyewe linafia hapo kabla hata wauaji wa mafia hawajamfikia. Mi hapo ndo nilisadiki kila kitu, manake mtu anabaki kuwa yule yule hata akipenda.

Lakini shule yenyewe ni The Wire, tamthilia ya polisi na wauza unga ya kituo cha HBO, 2002 mpaka 2008, mji wa Baltimore, Marekani. Walioiandika, David Simon alikuwa mwandishi wa habari wa gazeti la mji huo na Ed Burns alikuwa mpelelezi wa polisi hapo hapo, kwa hiyo mji wanaujua. Mnaijua wengi kwa ajili ya Omar, yule jambazi wa koti refu anayewaibia wauza unga. Omar ana kijana wake, Brandon. Sasa angalieni kazi anayofanya Brandon kwenye hadithi. Kijana mdogo wa maskani, Wallace, anamwona Brandon anacheza mchezo wa mashine kwenye duka la Mgriki, anatoa taarifa kwa genge lake la wauza unga, Brandon anachukuliwa, anateswa, asubuhi maiti yake imelazwa juu ya gari nje karibu na alipolala Wallace. Wallace anaiona na baada ya hapo hajawahi kuwa sawa tena, anaanza kutumia unga, anaongea na polisi, na mwisho wenzake wa utotoni wanamuua. Huku Omar kapelekwa mochwari na mpelelezi McNulty, ambaye siku hiyo yuko na watoto wake, na wale watoto wamekaa nje wanasikia mtu mzima analia kama mnyama. Omar huyo huyo anakuja kusimama mahakamani sizoni ya pili dhidi ya Bird, mmoja wa waliomtesa Brandon, na sizoni ya tatu ndo anammaliza Stringer, mmoja wa mabosi wa genge lile.

Mnaona? Toa penzi la Omar na Brandon, Wallace hafi vile, Bird hafungwi vile, Stringer hafi vile. Hicho ndicho kipimo natumia mpaka leo na kinauma: chukua skripti yako, futa penzi lote, sini zote za hao wawili, afu soma kesi. Kama kesi inakwenda vilevile bila kukwama mahali, basi penzi lako ni pambo, na mtazamaji anajua pambo likoje. Mi nilivyofuta la kwangu skripti ilipungua kurasa sita na ikawa nzuri zaidi, nililia.

Afu Omar mwenyewe wanampa na vitu vidogo. Sizoni ya nne yuko na mwingine, Renaldo, wanaishi pamoja, na kuna asubuhi chakula cha kwenye boksi kile cha kumwagia maziwa kimeisha, Omar anashuka dukani na pajama za kung'aa, hana hata bunduki, na mtaa mzima unamkimbia. Mnacheka, lakini hapo mmeshaambiwa kila kitu kuhusu nyumba ile. Nani anashuka dukani, nani anabaki, nani kamaliza boksi. Kwenye skripti za wanaoanza naona busu tatu na machozi mawili, sijawahi kuona boksi limeisha.

Michael K. Williams aliyemwigiza Omar (alifariki 2021) aliwahi kusimulia kwamba aliona watu kwenye seti wanazungukazunguka ile ishu ya Omar na Brandon kuwa karibu, kila mtu anaona haya, ndo akaelewana na mwenzake wabusiane mdomoni bila kuwaambia wengine. Alikuwa sahihi kuhusu tatizo, kwamba ukiona haya kwenye karatasi inaonekana kwenye skrini, wapenzi wa kiume wanashikana mabega kama wachezaji wa mpira. Ila msimwige kwa njia, siku hizi HBO toka 2018 wana mtu maalumu wa kusimamia sini za faragha na sehemu nyingi wamefuata, kwa hiyo wewe mwandishi ndo unatakiwa uandike wazi kinachotokea, mkono uko wapi na nani kaanza, usiseme tu "wanakuwa karibu" ukamwachia dairekta aibu yako.

Kitu kingine mnachokiruka ni sheria ya mahali na mwaka. Tamthilia ya polisi bila sheria ni nini? Kima, mpelelezi wa The Wire, anaishi na Cheryl, na sizoni ya kwanza episodi ya 10 anapigwa risasi akiwa kwenye kazi ya siri. Cheryl yuko hospitali. Lakini hiyo ni 2002, Maryland wameanza kuoanisha watu wa jinsia moja Januari 2013, kwa hiyo pale mapokezi hana cheti chochote cha kuonyesha kuwa huyu ni wake. Huhitaji kuandika hotuba ya haki za watu, weka tu fomu na nafasi ya kujaza "uhusiano", na kalamu. Ukiweka hadithi yako Uingereza kabla ya 1967, wanaume wawili kulala pamoja ni jela, basi mtu akiulizwa usiku wa mauaji alikuwa wapi na ukweli ni kwamba alikuwa kitandani kwa mwenzake, afanyeje? Ukweli unaomwokoa na kamba ndo huo huo unaompeleka jela. Ukiweka Nairobi leo bado kifungu cha 162 cha sheria ya adhabu, kinachotumika kulifanya hilo kosa, kipo, Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019, kwa hiyo fundo hilo hilo lipo hai na hujalazimika kubuni chochote. Nashangaa watu wanavyokwenda kutafuta bomu na helikopta wakati hiki kitu kipo bure.

Kuhusu kuua mmoja wao, nitasema kidogo tu manake mmeshachoka kusikia. Killing Eve, Aprili 2022, miaka minne ya kuvutana Eve mpelelezi na Villanelle muuaji wa kike, wanafika, wanabusiana, na ndani ya episodi hiyo hiyo ya mwisho Villanelle anapigwa risasi. Hata Luke Jennings aliyeandika vitabu vyenyewe alilalamika hadharani. Watu wanakasirika kwa sababu wameliona sana, sawa, ila mimi kama msomaji wa skripti nakasirika kwa sababu nyingine, kifo kile hakikutokana na kitu chochote walichokifanya wale wawili, kimeshuka tu kutoka juu. Brandon naye anakufa na hatulalamiki vile. London Spy ya BBC, 2015, episodi tano tu, nayo inamuua mpenzi wa Danny mapema, lakini kwanza wametupa karibu episodi nzima ya hao wawili wanajuana polepole, kwa hiyo Danny anapoanza kutafuta ukweli sisi tayari tuna hasara yetu wenyewe. Ua ukitaka, lakini tulipe kwanza.

Mtu wa mwisho aliyenifundisha hii kazi ni mamangu, na yeye hajui hata skripti ni nini. Nilirudi Mombasa miezi mitatu, jioni baada ya Isha tunaangalia The Wire mimi namtafsiria. Mamangu ni mtu wa swala tano na msimamo wake kwenye mambo haya anao, sikutaka kuanzisha mjadala, kwa hiyo Kima na Cheryl nikawa siwaelezei, natafsiri tu maneno. Na yeye akawa anamwita Cheryl "shogake". Kwa nyie wa bara, kwetu pwani shoga wa mwanamke ni rafiki yake wa kike tu, hakuna ubaya, mamangu ana mashoga kumi na tano wa chama. "Huyu shogake ana maneno." "Shogake kamkasirikia tena kwa kuchelewa." Mi kimya.

Ile episodi Kima kapigwa risasi aliangalia mpaka mwisho hajasema kitu. Kesho yake tunaendelea, Cheryl anatokea, mamangu ananiuliza: "Na mwenziwe wameshamwambia?"

Mwenziwe. Sikumwambia mtu yeyote neno, hajaonyeshwa busu la maana, hajasomewa barua ya mapenzi. Kajua kutokana na ugomvi wa kuchelewa kurudi, na namna Cheryl anavyotaka Kima aache kazi ya mtaani akae ofisini, manake huo ugomvi anaujua, kagombana nao yeye na marehemu babangu aliyekuwa dereva wa malori ya masafa miaka ishirini na kitu. Hajawahi kukubaliana nao na hakukubali, alisema astaghfirullah yake mara kadhaa, ila kuwasadiki aliwasadiki.

Tukafika sizoni ya tatu, mtoto kazaliwa, na Kima kaanza tabia za McNulty, pombe, kutoka nje, nyumbani harudi. Mamangu kakasirika kweli, kasema huyu hana adabu kumwachia mwenziwe mtoto mchanga, na nisimwekee tena mpaka amrudie. Sikumwambia kama harudi.